Pini Kwenye Koti la Menno

Saloma aliiona pini kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Na hakutakiwa kuona. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, askofu wao alikuwa amesema: anayelazimika kwenda mahakamani aende, lakini wakiwasha skrini yao, macho yawe chini. Kwa hiyo taa zilipopunguzwa, Waamishi wote sita kwenye benchi la nyuma, watu wa dhehebu linalokataa umeme na picha, waliinamisha vichwa kwa pamoja kama watu wanaoombea chakula. Kaka yake Menno, aliyekaa mbele kwenye kiti cha mshtakiwa, alifumba macho kabisa. Saloma alitazama viatu vyake. Vilikuwa na matope ya Aprili. Alihesabu matundu ya kamba, yakaisha, akaiba jicho moja.

Ukutani palikuwa na mkono mkubwa kama sepetu.

Glavu nyeusi ya sufu, vidole vimetanuka, nyuma yake mkono mweusi wa koti, na kwingine kote giza. Pale koti lilipoishia, karibu na kifundo, palikuwa na mstari wa mwanga mwembamba kuliko unywele. Asiyejua angesema ni kasoro ya picha. Saloma alijua ni pini.

"Simamisha hapo hapo," alisema mwendesha mashtaka, Bwana Halvorsen. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzuri, na alijua ni nzuri. "Mheshimiwa hakimu, huu ndio mkono wa mshtakiwa, sekunde moja kabla ya kumsukuma Askari Rusk mtaroni. Ndio uliomvunja kifundo cha mkono. Mpaka leo hawezi kushika hata usukani vizuri."

Saloma aliurudisha uso kwenye viatu. Mkono ule ukutani aliujua. Asubuhi ya leo ameutumia kukamulia ng'ombe.

*

Ilikuwa Januari, jua likizama, baridi ya kupasua midomo. Walikuwa wakirudi kutoka kwa shangazi yao, yeye na Menno, kwenye gari la farasi. Menno alipoona mdogo wake anatetemeka alivua koti lake kubwa akamvisha. Mikono ya koti ilikuwa mirefu, ikammeza vidole, basi Saloma akaikunja na kuibana kwa pini alizozichomoa kwenye nguo yake mwenyewe. Pini hazimpungukii mwanamke wa kwao. Nguo zao hazina vifungo, hushikwa na pini kutoka kifuani hadi kiunoni. Wanaume wao hutumia kulabu. Mwanamume wa Kiamishi akionekana na pini kwenye koti, watoto watamcheka mpaka azeeke.

Taa za bluu ziliwafikia chini ya kilima.

Kosa lao lilikuwa lile lile la siku zote. Gari halikuwa na taa za umeme za kumemeta wala ile pembetatu ya rangi ya chungwa ya kuonya magari. Kanisa lao linakataa vitu hivyo. Nyuma ya gari kulikuwa na kandili moja na vipande vya utepe wa kijivu unaoakisi mwanga, basi. Menno alikwisha kulala jela siku tano kwa ajili hiyo hiyo mwaka uliopita.

Askari Rusk alimwamuru Menno ashuke, akasimame mbele na kumshika farasi. Halafu akaja upande wa Saloma. Kifuani alikuwa na kisanduku cheusi chenye kitaa cha kijani. Akaingiza tochi ndani ya gari, akainama.

"Nani huyu? Toa uso nikuone."

Saloma alijivuta ndani ya kofia yake. Kofia zao ni pana, huficha mashavu.

"Ooh, wewe ni mtoto wa yule marehemu Verna. Mimi ndiye niliyemwokota mama yako barabarani, unajua hilo? Kilima hiki hiki, gari kama hili hili, taa hakuna. Watu wanasema aliuawa na lori. Uongo. Aliuawa na ujinga wenu." Akageuza kichwa kumtazama Menno kule mbele, akacheka. "Au siyo, Menno? Na huyu naye atamfuata mama yake hivi karibuni."

Kichwa cha Rusk kiligeuka. Kifua chake hakikugeuka.

Saloma alikuwa darasa la tano mama yake alipokufa. Mwalimu alimtumia madaftari nyumbani kwa wiki mbili, kisha akaacha, maana palikuwa na wadogo watatu wa kulishwa na madaftari hayapiki. Kwa miaka minane hakuna aliyemsikia akilitaja lori lile. Watu walisema binti wa Verna ni mpole, tena ana haya, ukimsalimu anajibu kwa kidevu.

Mkono wake ukatoka. Ukagonga kile kisanduku, ukasukuma. Buti za Rusk zilikuwa juu ya barafu. Aliondoka kama aliyevutwa zulia, akaangukia mtaroni, na Saloma akasikia kitu kikivunjika. Yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele, na hakujua ameanza saa ngapi.

Menno alikuja mbio. Alipiga magoti ukingoni mwa mtaro akampa Rusk mkono. Rusk, akilaani, alitumia mkono wake mzima kubonyeza kitufe kifuani. Kitaa kikageuka chekundu. Na Menno, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa, kwamba mtu akiumia mbele yako wewe ndiye wa kwanza kuomba radhi hata kama yeye ndiye aliyekukanyaga, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu:

"Nimekosa. Nakuomba unisamehe."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo kamera iliyasikia.

*

"Askari Rusk," alisema wakili wa Menno. Jina lake Bi. Tackett, mama mfupi aliyepangiwa kesi na serikali, mkoba wake umechanika mshipi. Menno hakumwajiri. Alipoulizwa na hakimu kama amekosa au hajakosa, Menno alinyamaza, basi hakimu mwenyewe akamwandikia "hakukosa", na Bi. Tackett akaletwa. Tangu hapo Menno hakuwa amemwambia maneno yanayozidi kumi. "Ripoti yako uliiandika lini?"

"Siku ya pili yake."

"Kabla ya kutazama video, au baada?"

"Baada. Utaratibu unaruhusu."

"Kwa hiyo ulichoandika ni ulichokiona wewe, au ilichokiona kamera?"

"Ni kitu kimoja."

"Siyo kimoja. Macho yako yako usoni, kamera iko kifuani. Nakuuliza wewe. Ulimwona Menno akiunyoosha mkono huu?"

"Kila mtu humu ndani amemwona."

"Sijamuuliza kila mtu."

"Sasa unataka nini, mama? Nikuletee mkono wenyewe kwenye sahani?"

Watu wa mjini waliojaza mabenchi ya kushoto wakacheka. Hakimu Odell, mzee mwenye nyusi nene, aligonga meza mara moja bila nguvu.

"Nusu dakika ya mwanzo haina sauti," aliendelea Bi. Tackett. "Kwa nini?"

"Ndivyo kifaa kilivyo. Kinapiga picha wakati wote na kuzifuta. Ukibonyeza, kinahifadhi nusu dakika iliyopita, picha tupu. Sauti inaanza ukishabonyeza. Nilibonyeza nikiwa mtaroni, nimevunjika."

"Na kabla ya kuanguka ulisema nini?"

"Niliwasalimu."

"Tu?"

"Nikawaambia wawashe taa. Kwa upole." Rusk alijiweka sawa kitini, mkono wa bandeji juu ya goti. "Nawahurumia watu hawa. Mimi ndiye ninayewaokota."

Benchi la nyuma hakuna aliyetikisika. Saloma alikuwa amezishika pindo za aproni yake kwa vidole kumi. Aliliona lile neno, upole, likipita chumba kizima na kukaa vizuri, kama mgeni aliyepewa kiti. Pale ukutani, kwenye picha isiyo na sauti, mdomo wa Rusk haukuonekana. Kamera haimwoni aliyeivaa.

*

Mapumziko yalikuwa robo saa. Kwenye ukumbi wa nje mwanamke mmoja mwenye koti jekundu aliwapita akirudi kutoka chooni, akasimama mbele yao.

"Washeni taa," alisema. "Mwanangu nusura awagonge mwezi uliopita. Angefungwa yeye kwa kuwaua nyie. Mnajiona watakatifu, na wengine ndio tunaota ndoto mbaya."

Akatikisa kichwa, akaondoka zake.

Wifi yake Saloma, Delila, alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono juu ya tumbo la miezi minane. Alikuwa na mkate uliopakwa jamu ya tufaha kwenye kitambaa, hajauuma. Aliwangoja wazee wasogee dirishani, kisha akasema bila kugeuka:

"Na mimi niliangalia."

Saloma akakauka.

"Lile koti nimelishona mimi, wifi. Nimelishona kwa taa ya mafuta, majira ya kupukuchua mahindi, vidole vinatoka damu. Najua kila kulabu niliyoitia. Pini sikutia." Sauti yake ilikuwa chini, kavu. "Miezi mitatu nakula meza moja na wewe. Unanipa chumvi. Unaniuliza mtoto anachezaje. Kumbe."

"Kaka alinikataza."

"Kaka alikukataza."

"Alisema nimwachie."

"Naye amekuwa hivyo tangu kuzaliwa, anabeba mpaka mizigo ya punda. Wewe ulishindwa kuukataa?" Delila aliukunja mkate ndani ya kitambaa, akaukunja tena. "Mwaka mmoja na nusu, Saloma. Ndio wanaoutaka. Mwanangu atajifunza kutembea, baba yake yuko nyuma ya ukuta, kwa sababu shangazi yake ana haya."

"Basi sema wewe," Saloma alinong'ona. "Umeiona."

"Nisemee mkono usio wangu?"

Saloma alikumbuka zizini, usiku ule ule wa Januari, baada ya Menno kuachiwa arudi nyumbani kungoja kesi. Alikuwa amezitoa pini kwenye koti na kulirudisha msumarini. Menno alikuwa anamwekea farasi majani. "Ulinyamaza," alimwambia. "Basi endelea hivyo hivyo. Mimi sikusema uongo. Nilisema nimekosa, na nani asiyekosa? Wakiniuliza, sitajibu. Wakinifunga, nitafungwa. Wewe hutaweza kule ndani. Sauti yako haitoshi hata kuitia kuku." Alisema kwa upendo, akacheka kidogo. Naye Saloma alifurahi. Hilo ndilo lililokuwa likimla tangu siku ile. Alifurahi, akala chakula chake cha usiku, akalala.

Mlango ukafunguliwa. Karani akawaita.

*

Bwana Halvorsen alimaliza kwa kusimama karibu kabisa na ukuta, kando ya ule mkono uliogandishwa, hata kivuli chake kikaangukia vidole.

"Mheshimiwa, mashahidi husahau. Mashahidi hupendelea. Watu hawa wanajificha kwa ukimya, na mimi siwalaumu, ndiyo desturi yao. Lakini kamera haina desturi. Haina ndugu, haina shemeji, haiogopi askofu. Imetuonyesha mkono. Imetusikilizisha kosa likikiriwa kwa kinywa cha mkosaji: nimekosa, nisamehe. Tukiikataa hii, tutaamini nini tena?"

Bi. Tackett naye alisema, lakini alisema kama mtu anayejaza ndoo iliyotoboka. Picha bila sauti ni nusu ya habari, alisema. Kuomba radhi kwao si kukiri. Hakimu alimsikiliza akiwa tayari ameshika kalamu.

"Menno," alisema hakimu. "Una neno lolote kabla sijaamua?"

Menno alitikisa kichwa. Kutoka nyuma, Saloma aliona shingo yake, mstari mwekundu wa kofia, na nywele ambazo Delila alikuwa amezikata jana kwa bakuli.

Hakimu aliinamia karatasi.

Saloma hakukumbuka kusimama. Alichokumbuka baadaye ni sauti ya benchi likilia kwa kupungukiwa uzito, na Delila akivuta miguu yake pembeni ampishe.

"Ule mkono ni wangu," alisema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yake kweli haikutosha kuitia kuku. Akasema tena, na safari hii ilitoka kubwa mno, ikagonga dari, kila kichwa kikageuka.

"Ule mkono ni wangu!"

"Kaa chini, Saloma," alisema Menno kwa lugha ya nyumbani. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Haya ndiyo niliyoyasema!" Bwana Halvorsen alikuwa ameshainua mikono. "Mheshimiwa, mshtakiwa ameona kesi imemlemea, sasa dada anatolewa sadaka. Kesho atakuja shangazi."

"Nyamaza kidogo, Bwana Halvorsen. Binti, njoo mbele. Unajua unachosema kinaweza kukutia wewe jela? Una haki ya kungoja upate wakili wako."

"Najua. Singoji."

Walitaka aape. Alisema wao hawaapi, kwao ndiyo ni ndiyo. Hakimu akakubali. Kutoka pale kizimbani alipowekwa, Rusk alionekana mdogo kuliko siku ile, mwenye nywele zinazoanza kukimbia paji la uso. Alikuwa anamkodolea macho kama mtu anayesoma herufi za mbali.

"Nilikuwa nimevaa koti la kaka. Lilikuwa refu. Nilibana mkono wake kwa pini." Alinyoosha kidole kuelekea ukutani, na hakuinamisha macho. "Ile pale."

"Wapi? Hapo?" Bwana Halvorsen alicheka. "Mwanga wa tochi, mheshimiwa. Unyevu kwenye kioo."

"Kuza," alisema hakimu.

Karani alikuza. Glavu ikatoka nje ya ukuta, koti likajaa, na kwenye mkunjo wa kitambaa, ambao mwanzo hakuna aliyejua ni mkunjo, ikaonekana pini nzima, kichwa na ncha, imechomwa mara mbili kama afanyavyo mshonaji.

"Hata mwanamume anaweza kuweka pini," alisema Halvorsen, lakini sauti yake nzuri ilikuwa imepungua.

"Wa kwenu," alisema Saloma. "Wa kwetu hawawezi."

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma alikohoa. Askofu au si askofu, wazee wote walikuwa wameinua macho wanatazama.

"Askari Rusk," hakimu aliita. "Nakuuliza mara ya mwisho, wewe mwenyewe, siyo kifaa. Mkono ule uliona ni wa nani?"

Rusk aliitazama bandeji yake. "Nilikuwa nimegeuka," alisema. "Namwangalia kijana. Nilipotazama video nikaona koti la kiume, nikajua ni yeye."

"Ulijua, na yeye ulikuwa unamwangalia kule mbele kwa farasi."

"Video ilionyesha, mheshimiwa."

Hapo Bi. Tackett aliamka kama aliyemwagiwa maji. Alitembea haraka hadi kizimbani, mkoba ukining'inia kwa mshipi mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alionekana kufurahi.

"Mheshimiwa, mbona ni rahisi! Watu hawa hawapigwi picha za uso, mji mzima unajua. Askari amemletea kamera puani. Binti akaweka kiganja mbele ya kioo. Tazama mkono wenyewe, uko wazi, si ngumi. Alikuwa anaziba kamera, hakuwa anamsukuma mtu. Barafu ndiyo iliyomwangusha askari. Hapa hapana shambulio, pana ajali." Akamgeukia Saloma, sauti ikawa laini kama ya mtu anayemvusha mtoto daraja. "Ndivyo ilivyokuwa, sivyo? Ulikuwa unauficha uso wako tu."

Wote walitazama ukutani. Na kweli, mkono uliogandishwa ulikubali. Ungeweza kabisa kuwa mkono wa mtu anayeficha uso. Ulikuwa umekubali kuwa wa Menno asubuhi nzima, sasa ulikubali na hili. Bwana Halvorsen hakupinga. Delila alikuwa ameziba mdomo, macho yake yakimwomba: sema ndiyo, sote twende nyumbani. Hata Menno alikuwa amefungua macho.

"Ni hivyo, binti?" aliuliza hakimu.

Saloma aliutazama mkono wake halisi, uliokuwa juu ya ukingo wa mbao, mdogo, wenye kucha zilizokatwa fupi.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Kamera sikuifikiria kabisa. Alimtaja mama yangu. Nilitaka aanguke."